Wingu Lisilosogea: Historia Fupi ya Mawimbi ya Angani

Leo tuyaache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuinue macho juu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mawingu mengi walisema kweli. Lakini liko wingu moja linalokaidi methali hiyo. Halileti mvua. Haliendi na upepo. Linakaa mahali pamoja kwa saa nyingi, laini kama limepigwa randa na seremala, ilhali upepo unapita ndani yake kwa kasi ya gari la barabara kuu. Wataalamu huliita lenticularis, jina linalotokana na neno la Kilatini la kamande, kwa sababu limebinuka pande mbili kama punje ya kamande. Kilimanjaro huvaa wingu la namna hii kama kofia mara kwa mara, na Mlima Kenya pia.

Nimeamua kuliandikia katika ukurasa huu wa teknolojia kwa sababu historia yake ina somo ambalo kila anayeandika programu analihitaji. Wingu ni dalili tu. Jambo lenyewe ni wimbi la hewa, na wimbi halionekani. Kwa miaka mingi watu walijifunza kulisoma wimbi kwa kutazama wingu, wakafanikiwa sana. Kisha siku moja wimbi likaja bila wingu, na watu 124 wakafa.

Tuanze na wimbi lenyewe.

Jiwe ndani ya mto

Umewahi kutazama mto unaopita juu ya jiwe lililozama? Nyuma ya jiwe hutokea nundu ya maji, kisha bonde, kisha nundu nyingine ndogo. Maji yanakimbia lakini nundu zimesimama palepale. Sasa weka mlima badala ya jiwe, na upepo badala ya maji. Mabaharia wetu wa pwani wana majina mazuri ya pande mbili za chombo: upande upepo unakotokea ni goshini, na upande wa pili ni demani. Mawimbi ninayoyazungumzia huzaliwa upande wa demani wa mlima.

Si kila upepo hufanya hivyo. Inatakiwa hewa thabiti, yaani hewa ambayo ukiisukuma juu inajikuta ni baridi na nzito kuliko jirani zake, basi inarudi chini. Ikirudi hupitiliza mahali pake, inajikuta ni nyepesi kuliko jirani, inapanda tena. Ni kama uzito ulioning'inizwa kwenye springi: ukiuvuta na kuuachilia, unacheza juu na chini. Kasi ya mchezo huo wa hewa ina fomula, na fomula hiyo ina majina ya watu wawili: Vilho Väisälä wa Ufini aliyeichapisha mwaka 1925, na David Brunt wa Uingereza mwaka 1927.

Hebu tupige hesabu ndogo. Katika hewa thabiti ya kawaida, namba ya Brunt na Väisälä huwa karibu 0.01 kwa sekunde.

kipindi = 2 x 3.14 / 0.01 = sekunde 628
urefu wa wimbi = upepo x kipindi = 20 x 628 = mita 12,560

Yaani hewa hupanda na kushuka mara moja kila dakika kumi hivi, na ikiwa upepo unakwenda mita 20 kwa sekunde, nundu moja ya wimbi iko umbali wa kama kilomita 12 na nusu kutoka nundu inayofuata. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji mbele.

Na wingu je? Hewa inayopanda hupoa. Kabla mvuke haujageuka matone, hupoa kama nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja. Ikifika kiwango cha umande, mvuke unageuka vitone vidogo na wingu linaonekana. Ikiteremka upande wa pili wa nundu, hewa inapata joto, vitone vinakauka, wingu linakwisha. Kwa hiyo wingu linatengenezwa bila kukoma kwenye ukingo mmoja na kubomolewa bila kukoma kwenye ukingo wa pili. Ni kama foleni ya benki mwisho wa mwezi: ukipita saa nne ipo, ukipita saa saba ipo, lakini watu waliomo si walewale. Katika wingu lenye upana wa kilomita 5 na upepo wa mita 20 kwa sekunde, kitone kimoja hakikai ndani zaidi ya dakika nne na kidogo.

Yapo mawingu mengine ya mawimbi, yale yanayojikunja kama mawimbi yanayovunjika ufukweni. Hayo hutokea tabaka mbili za hewa zinapopishana kwa kasi tofauti, na yalielezwa na Helmholtz mwaka 1868 na Kelvin mwaka 1871. Leo nabaki na yale ya mlima.

Wakulima walitangulia

Kabla ya fomula walikuwapo watu wa mashambani. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye bonde la mto Eden, wenyeji walijua kwamba upepo mkali wa mashariki unapovuka mlima Cross Fell, mlima hujifunika wingu waliloliita Helm, na kilomita chache mbele, juu ya bonde, husimama mkanda wa wingu wa pili waliouita Bar. Kati ya wingu na wingu, anga ni wazi. Wageni walishangaa, ilhali mkulima alifunga tu zizi lake. Mwaka 1937 hadi 1939 mtaalamu wa hali ya hewa Gordon Manley alipima upepo huo akiwa kwenye kibanda mlimani, na mwaka 1945 akachapisha maelezo yake: ule mkanda wa wingu ulikuwa alama ya wimbi lililosimama.

Kisa cha pili ninakipenda zaidi. Katika milima ya Riesengebirge, ambayo leo ni mpaka wa Poland na Jamhuri ya Czech, alikuwako mkulima aliyeitwa Gottlieb Motz. Yeye alilitambua wingu refu lililokuwa likisimama upande wa demani wa milima hiyo, akalizungumzia kiasi kwamba majirani walilipa jina lake. Kwa lafudhi ya kijijini jina na ukoo viligeuzwa vikawa Moazagotl. Hadi leo wataalamu wa hali ya hewa hutumia jina hilo la mkulima kwenye vitabu vyao.

Ndege zisizo na injini

Karibu na milima hiyohiyo, huko Grunau, palikuwa na shule ya kurusha glaida, yaani ndege zisizo na injini. Rubani wa glaida huishi kwa kutafuta hewa inayopanda. Mwezi Machi 1933 marubani wawili, Hans Deutschmann na Wolf Hirth, walikuta kitu kisichokuwa kwenye mafunzo yao: upande wa demani, mahali ambapo kila rubani alifundishwa kwamba hewa huteremka, hewa ilikuwa ikiwapandisha, tena kwa ulaini wa ajabu. Hirth akaunganisha mambo mawili. Lile wingu la Moazagotl lililosimama juu yake na ile hewa iliyokuwa ikimnyanyua ni kitu kimoja.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa sayansi ni kijana Joachim Küttner, aliyekuwa amesomea sheria kabla ya kugeukia hali ya hewa. Mwaka 1937 palikuwa na mashindano ya glaida Grunau. Küttner akaona fursa. Glaida za mashindano hubeba barografu, kifaa kinachochora kimo cha ndege kwenye karatasi inayozunguka. Akakusanya karatasi za glaida zaidi ya ishirini zilizokuwa angani pamoja, akaziweka kwenye ramani moja, na umbo la wimbi likajitokeza. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alikuwa na vihisio zaidi ya ishirini angani na akaunganisha data yao. Hakuwa na bajeti ya vihisio. Alitumia vilivyokuwa tayari vimeruka kwa sababu nyingine.

Mwaka huohuo yeye mwenyewe alipanda ndani ya wimbi kwa glaida ndogo iliyo wazi, bila kifuniko cha rubani, hadi kama mita 6,800. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Piga picha umekaa kwenye kiti cha mbao hewani, karibu kilomita moja juu ya Uhuru.

Mwenye kamera wa Gotemba

Wakati Wajerumani wakiruka, Japani alikuwako mtu aliyekuwa akitazama tu. Masanao Abe alikuwa mwanafizikia wa ukoo wa kikabaila, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alijenga kituo chake mwenyewe katika mji wa Gotemba, chini ya mlima Fuji, akaelekeza kamera mlimani. Kwa miaka mingi alipiga picha za mawingu ya Fuji, akayarekodi pia kwa kamera ya sinema ili ayaone yakienda haraka. Aliyapanga kwa aina zake. Wajapani walikuwa tayari na majina: kasagumo, wingu la kofia linalokaa juu ya kilele, na tsurushigumo, wingu lililoning'inia, linalosimama peke yake mbali kidogo upande wa demani.

Naomba usiusahau mji huo wa Gotemba.

Hesabu zinafika

Miaka ya 1940 wanahisabati walishika kazi. Mjerumani Lyra na Mfaransa Paul Queney waliandika milinganyo ya hewa inayovuka mlima. Mwaka 1949 Mwingereza Richard Scorer akaonyesha kwa nini siku nyingine mawimbi hupangana kwa makumi ya kilomita nyuma ya mlima na siku nyingine hayatokei kabisa. Jibu lake kwa maneno mepesi: ikiwa juu kuna hewa isiyo thabiti sana au upepo wenye kasi zaidi, wimbi haliwezi kutorokea juu. Linanaswa chini kama maji ndani ya bomba, basi linakimbilia mbele.

Kisha kazi ikahamia California, nyuma ya milima ya Sierra Nevada. Mwaka 1951 na 1952 wanasayansi na marubani wa glaida walifanya utafiti wa mawimbi katika bonde la Owens, wakiwa na kituo mji wa Bishop. Mwezi Machi 1952 Larry Edgar na Harold Klieforth walifika zaidi ya mita 13,400 bila injini. Lakini bonde hilo lilifundisha somo jingine. Chini ya nundu laini ya wimbi kuna rota, yaani hewa inayojiviringisha kama gogo linaloporomoka, na ulaini wa juu haukuambii chochote kuhusu ukali wa chini. Mwezi Aprili 1955, utafiti ulipoendelea, glaida ya Edgar iliingia kwenye rota ikavunjika vipandevipande hewani. Aliokolewa na parachuti.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1955 maarifa yote makuu yalikuwapo. Ilijulikana kwamba mlima hutengeneza mawimbi, ilijulikana ni katika hali gani, na ilijulikana kwamba yanaweza kuvunja ndege.

Tarehe 5 Machi 1966

Siku hiyo ndege ya abiria aina ya Boeing 707 ya shirika la Uingereza BOAC, safari namba 911, iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong. Uwanjani palikuwa na mabaki ya ndege nyingine iliyoanguka usiku uliotangulia. Anga ilikuwa safi baada ya hali mbaya ya hewa, na mlima Fuji ulionekana vizuri. Upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini-magharibi na kuvuka mlima. Marubani waliomba kupanda kwa kuona kwa macho, wakapita karibu na Fuji, upande wa demani.

Juu ya Gotemba ndege ilivunjika hewani. Abiria 113 na wafanyakazi 11 walikufa wote. Ndege ya kivita ya Jeshi la Wanamaji la Marekani aina ya A-4 iliyotumwa kutafuta mabaki ilikumbwa na msukosuko palepale, kipimo chake kikasoma nguvu mpaka mara 9 ya mvutano wa dunia. Wachunguzi wa Japani walihitimisha kwamba Boeing ile ilikutana ghafla na msukosuko mkali mno juu ya mji wa Gotemba, uliozidi kiwango ambacho mwili wake uliundwa kustahimili.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma kila ninaposoma habari hii. Mji ni uleule ambako Abe alikaa miaka akirekodi mawingu yanayosimama upande huohuo wa mlima. Lakini siku ile karibu na Fuji hapakuwa na wingu la kofia, wala wingu lililoning'inia. Hewa ilikuwa kavu. Picha ya setilaiti ilionyesha mawingu ya mawimbi mbali zaidi kusini, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumpa rubani habari hiyo kwa wakati. Wimbi lilikuwapo na nguvu zake zote. Lilikosa unyevu wa kujiandika tu.

Sisi watunzi wa programu tunajua jambo hili kwa jina jingine. Wingu ni kama faili ya logi. Ukiona ujumbe wa hitilafu, hitilafu ipo. Usipouona, huna ushahidi wowote, maana huenda kilichokufa ni kile kinachoandika. Mfumo wenye logi tupu na mfumo mzima ni vitu viwili tofauti, na anga safi na anga tulivu vilevile.

Kuona bila wingu

Dawa ilikuwa moja: kulikokotoa wimbi lenyewe badala ya kungoja liandikwe na wingu. Setilaiti zilisaidia kuanza. TIROS 1 ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960, na picha zake zilionyesha safu za mawingu ya mawimbi nyuma ya milima, kiasi kwamba mwaka 1962 Bo Döös aliweza kuyalinganisha na nadharia. Lakini setilaiti ya picha nayo huona wingu tu. Kazi ilibaki kwa kompyuta.

Na hapa ndipo ile namba yetu ya kilomita 12 na nusu inaporudi. Utabiri wa kwanza wa hali ya hewa kwa kompyuta ulifanywa mwaka 1950 kwenye mashine ya ENIAC na Charney, Fjørtoft na von Neumann. Dunia yao ilikuwa gridi ya nukta, na nukta moja ilikuwa kilomita 736 kutoka nyingine. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa, kama kilomita 480, ingeingia yote kati ya nukta mbili na nafasi ikabaki. Wimbi la kilomita 12 kwenye gridi hiyo halipo. Si kwamba limekosewa. Halina pa kukaa.

Kanuni ni ileile ya kurekodi sauti: huwezi kuwakilisha wimbi usipokuwa na walau nukta mbili ndani yake, na kwa kazi ya maana unahitaji zaidi ya hizo. Kwa wimbi letu inatakiwa gridi ya kilomita moja au mbili. Na kila unapopunguza nafasi kwa nusu, nukta za ulalo huwa mara nne, na hatua ya muda nayo lazima ipungue kwa nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara nane kabla hata hujaongeza tabaka za kwenda juu. Tena kulikuwa na njia ya mkato iliyotumika kwa miongo: modeli nyingi zilichukulia kwamba kuongezeka kwa kasi ya hewa kwenda juu na chini ni kudogo kiasi cha kupuuzwa. Kwa dhoruba pana ni sawa kabisa. Kwa mawimbi mafupi ya mlima, ukipuuza hilo umelipuuza wimbi lenyewe. Modeli zisizo na mkato huo, kama WRF iliyotolewa mwaka 2000, ndizo zilizoyafanya mawimbi haya yaweze kutabiriwa kwa kazi za kila siku.

Mwaka 2006 watafiti walirudi bonde la Owens, safari hii kwa utafiti ulioitwa T-REX, wakiwa na ndege za kisasa, rada na leza, kulichunguza lile gogo la hewa lililomvunjia Edgar glaida yake. Miongoni mwa walioliandaa zoezi hilo alikuwa Joachim Küttner, yule wa karatasi za barografu, akiwa na umri wa miaka 96. Alifariki mwaka 2011. Na tarehe 2 Septemba 2018, huko El Calafate kusini mwa Argentina, Jim Payne na Tim Gardner walipanda mawimbi ya milima ya Andes kwa glaida iitwayo Perlan 2 hadi zaidi ya mita 23,000, karibu mara mbili ya kimo cha ndege za abiria. Bila injini.

Siku hizi ofisi za hali ya hewa zinapowatumia marubani onyo la hatari angani, wimbi kali la mlima lina msimbo wake: SEV MTW. Herufi sita. Ukiufungua ujumbe huo kwenye programu yako utaona ni maandishi ya kawaida tu, yanasomeka kwa mistari michache ya kodi. Ndani ya herufi hizo yumo mkulima Motz, wamo Hirth na Küttner, na wamo abiria wa safari namba 911. Ujumbe huo hautaji wingu, kwa sababu haulihitaji.

Basi, ukiiona Kilimanjaro imevaa kofia, furahia na upige picha, maana unaona upepo ukiandika. Na ukiiona haina kofia, usiape kwamba hewa imetulia. Tuonane tena wiki ijayo.